Chango la Mama Koleta

Tulimzika Daktari Mhina siku ya Alhamisi, Morogoro, na baada ya kutoka makaburini tukarudi kula chini ya maturubai. Pilau ilikuwa nzuri, na ninalisema hilo kwa sababu marehemu mwenyewe angeuliza. Nilikaa meza moja na Lwitiko, ambaye tulifanya naye mwaka wa mafunzo kazini chini ya marehemu, sasa kichwa chake cheupe na kitambi kimemtangulia. Pembeni yetu walikaa vijana watatu wa udaktari waliokuja kumsindikiza mwalimu wa walimu wao. Lwitiko hajawahi kukaa na vijana bila kuwasimulia kitu. "Mnamwona huyu mama?" akawaambia, akininyooshea kijiko. "Huyu ndiye aliyegundua ngiri ya ndani hapa hapa Morogoro, wakati mashine ya CT mpaka uende Dar. Kwa kumsikiliza mgonjwa tu! Mhina alikuwa anaisimulia kila mwaka." Vijana wakanitazama kwa heshima, mmoja akaacha hata kutafuna. Mimi nikasema, "Ah, zamani hizo," nikajipakulia kachumbari. Nimekuwa nikisema "ah, zamani hizo" kwa miaka ishirini na kitu, na watu hudhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu hata kidogo. Habari ile imepindishwa, na kwa kuwa Mhina ameondoka, nimebaki mimi tu ninayejua ilivyokuwa. Nimeona niiandike kabla na mimi sijaanza kuiamini.

Mwaka ule nilipanga chumba Mwembesongo kwa Bi Tabu, nyumba ya vyumba sita yenye ua wa kufulia, kupikia na kusemana. Ukuta wa chumba changu haukufika darini, kwa hiyo nilijua nani kagombana na mumewe na nani kaunguza maharage bila kutoka kitandani. Dirisha lilitazama mlimani. Asubuhi nyingi Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu hadi kiunoni, na mimi nilikuwa nikipiga mswaki nikiitazama kama vile ni mali yangu. Jioni Bi Tabu alinitunzia sahani: wali wa Dakawa, mchicha, maharage ya nazi, juu yake sahani nyingine kuzuia nzi. Alikuwa akiniita "dokta" mbele ya wageni na "mwanangu" tukiwa wawili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na hakuna nililokuwa silijui. Nilisifiwa hospitalini kwa kasi yangu ya kuona wagonjwa. Mtu akianza kueleza, mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika, tena kwa Kiingereza, kwani ndivyo tulivyofundishwa. Nikimkumbuka yule binti na kalamu yake natamani kumfinya sikio.

Mama Koleta alikuja mara ya kwanza mwezi wa pili, kwa gari la kabichi. Kwao kulikuwa juu huko Mgeta, ambako magari ya mboga yalishuka alfajiri kuwahi soko la mjini, naye alikaa juu ya magunia na kufika hospitali mapema akiwa hajatia kitu mdomoni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, viganja vigumu kwa jembe, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kwa lafudhi ya Kiluguru. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa daftari lake, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ambalo wagonjwa wetu walitembea nalo ili daktari aandike humo. "Sista," akaniambia, kwa sababu mwanamke yeyote mwenye koti jeupe alikuwa sista, "chango linanisumbua. Nikila tu, linaingia. Linaingia, linajifungia huku." Akashika tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu. "Nikiinama kama napalilia, basi linatoka, napata nafuu."

Ugonjwa wake wote ulikuwa ndani ya maneno hayo. Mimi nilisikia neno moja tu, na hilo moja nikalisikia vibaya. Chango, kwa wanawake tuliolelewa kama mimi, ni yale maumivu ya chini ya kitovu yanayokuja na hedhi au baada ya kujifungua. Hakuna msichana asiyewahi kunyweshwa mizizi michungu kwa ajili yake. Kwa hiyo nikamuuliza habari za siku zake, akashangaa kidogo lakini akajibu. Nilimlaza, nikamminya tumbo, likawa laini, halina kitu. "Sasa hivi halijaingia," akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nikaandika kwamba ni maumivu ya tumbo la uzazi, nikampa vidonge, nikaita mgonjwa mwingine.

Alirudi mwezi wa nne. "Sista, chango bado." Safari hiyo nikajiona mwerevu zaidi, nikakumbuka kwamba ile minyoo mirefu nayo huitwa chango. Nikamuuliza kama wanachemsha maji ya kunywa, nikamwandikia dawa ya minyoo. Mwezi wa sita akaja tena, kapungua, kitenge kimezungushwa kiunoni mara mbili na mabega yametokeza. Alikuwa ameanza kuogopa chakula: anakula matonge mawili, anaacha, anasubiri aone kama litaingia. Nikamtuma akapige eksirei. Picha ikatoka safi, na ingekosaje kuwa safi wakati mwenyewe alikuwa hajala tangu jana yake? "Sasa hivi halijaingia," akaniambia tena. Nikaandika vidonda vya tumbo, nikamkataza maharage, pilipili na vitu vya ukakasi. Mtu anayeogopa kula, mimi nikampunguzia chakula. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko yale mengine mawili.

Kisha ikafika Idi ya kuchinja. Mimi Mkristo, lakini katika nyumba ya Bi Tabu hakuna aliyeuliza. Ukiwa na mikono, unafanya kazi. Nilipewa kigoda na beseni, nikakaa na wanawake wengine uani tukisafisha matumbo ya mbuzi. Walikuwa wakimsema mke mdogo wa mtu fulani, na mimi nilitega sikio kama wote. Mara Bi Tabu akamkaripia jirani yake aliyekuwa akivuta kwa nguvu: "Wee, usilivute chango hivyo, utalikata! Huoni limeingia hapo?" Nikageuka. Yule jirani alikuwa na utumbo mwembamba mkononi, na kipande chake kilikuwa kimepenya kwenye tundu la ule utando wa mafuta unaoushika, kikajikaba. Alivyovuta ndivyo tundu lilivyobana. Bi Tabu akamnyang'anya, akaingiza vidole viwili, akakirudisha taratibu kule kilikotokea, kikachomoka chenyewe.

"Bi Tabu," nikasema, "umesema nini? Limeingia nini?"

"Chango."

"Chango ndio huu utumbo?"

Wanawake wakacheka hadi mmoja akafuta machozi kwa bega, maana mikono ilikuwa na kinyesi cha mbuzi. "Haya, dokta wetu hajui chango," akasema Bi Tabu. "Sasa huko chuo mlikuwa mnapasua nini, mapapai?"

Sikucheka. Nilikuwa nikisikia sauti inayopanda na kushuka: linaingia, linajifungia, nikiinama linatoka. Mama yule hakuwa akilalamikia hedhi, wala minyoo, wala vidonda. Mara tatu alikuwa amenieleza, kwa neno sahihi kuliko langu, kwamba utumbo wake mwembamba unaingia mahali na kutoka. Nikainuka pale kigodani, na nyama ya Idi mwaka ule sikuila.

Kesho yake nilimkuta Daktari Mhina ofisini akitafuna karanga. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, daima ana karanga katika mfuko wa koti, na hakupenda kukatizwa akiwa nazo. Nilimweleza mgonjwa anavyosema, neno kwa neno. Akaacha kutafuna. "Ngiri mnayoijua ninyi inatokeza nje," akasema, "inavimba kinenani, mtu anaishika. Kuna nyingine haitokezi. Humo ndani ya tumbo kuna mikunjo na vijimfuko, mwingine anazaliwa navyo. Utumbo ukipata mlango unaingia humo, chakula kinaziba, mtu anaumwa, halafu unatoka anapona, na nyie mnampiga picha amepona. Siku moja unaingia hautoki. Ukikaa hivyo unaoza. Yuko wapi?"

"Amerudi kwao."

"Umemwona mara ngapi?"

"Nimemwona kliniki," nikajibu. Hakuniuliza tena. Aliniangalia kidogo, akanituma sokoni nikamtafute dereva wa gari la kabichi apeleke ujumbe Mgeta.

Alifika Jumatano, ameongozana na mjomba wake, mzee mwenye kofia ya pama na fimbo, kwa sababu kwa Waluguru jambo zito kama hili mjomba hakosi. Kama kawaida alikuwa hajala. Mhina akamminya tumbo, laini, halina kitu. "Sasa hivi halijaingia," akasema Mama Koleta. "Najua," akajibu Mhina, akamgeukia Sista Anjela, muuguzi wa wodi. "Mpe ugali. Ugali na maharage, sahani ya mtu mzima." Sista Anjela alidhani kasikia vibaya. Nami sikuwahi kuona mgonjwa akipimwa kwa ugali. Tukamwekea meza dirishani, akanawa, akala taratibu, akitutazama mmoja mmoja kwa aibu ya mtu anayekula peke yake mbele ya watu. Alipomaliza alishukuru. Tukakaa. Mhina akamuuliza mjomba habari za njegere, mjomba akamweleza kwa kirefu kuhusu mvua na walanguzi. Haikupita nusu saa Mama Koleta akanyamaza katikati ya neno, akashika ubavu wa kushoto. "Limeingia."

Mhina alichukua mkono wangu akauweka pale. Chini ya ngozi kulikuwa na uvimbe kama embe dodo, mahali ambapo asubuhi ile hapakuwa na kitu. Tukamkimbiza eksirei, na safari hii picha ilisema: utumbo mwembamba, ambao kawaida hutapakaa tumbo zima, ulikuwa umekusanyika upande wa kushoto, umefungashwa pamoja kama nguo za safari. Mhina alifurahi, na mimi nilifurahi. Tukarudi wodini tukamwambia Mama Koleta ainame lipate kutoka. Akapiga magoti sakafuni, akaweka viganja chini, akakaa hivyo. Halikutoka. Akajaribu tena, akalalia upande, akapiga magoti tena, na paji la uso likaanza kutoa jasho. Akatapika ule ugali wote, kisha maji ya kijani. Nikamtazama Mhina, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona ameingiwa na hofu. Siku ya kuingia bila kutoka ilikuwa ndiyo hiyo, na tulikuwa tumeiandalia sahani.

Ilibaki kumpasua mchana ule ule. Mtaalamu wa usingizi, Bwana Haule, akaja juu: "Mmemshibisha wenyewe, halafu mnaniletea nimlaze? Akitapika usingizini yakaingia mapafuni, nani atajibu?" Akapitisha mpira puani hadi tumboni kunyonya kilichobaki, akinung'unika muda wote. Mimi nikapewa kazi ya kumweleza mjomba. "Mzee," nikamwambia, "mama ana ngiri, inabidi apasuliwe sasa hivi."

Mzee akanyoosha fimbo katikati yetu. "Ngiri? Binti yangu ana ngiri ya wapi? Ngiri ni ugonjwa wa wanaume. Mnatutukana?" Nikaeleza habari za mikunjo na vijimfuko, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kukunja uso, akakataa kuweka dole gumba kwenye fomu ya idhini. Alikuwa akitafuta maneno ya kuaga, nadhani, amchukue warudi kwao. Mama Koleta akafumbua macho pale kwenye machela. "Mjomba," akasema, "chango limenaswa. Waache walitoe."

"Chango?" akasema mjomba. "Sasa mbona huyu anasema ngiri?" Akachukua wino, akaweka dole.

Katika chumba cha upasuaji nilishika vyuma vya kupanulia tumbo na kuomba Mungu, sala ya mtoto, bila mpangilio. Mhina alipofungua, utumbo mwembamba haukuwepo mahali pake. Ulikuwa nyuma ya utando upande wa kushoto, ndani ya mfuko, rangi ya zambarau iliyoiva, na mlango wa mfuko ulikuwa mdogo kuliko kiganja changu. "Hapa watu huua," akasema Mhina kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ukingo huu wa mbele una mshipa mkubwa wa damu. Ukiona mlango umebana ukataka kuupanua kwa mkasi, unakata mshipa." Hakukata. Aliingiza vidole viwili, akalegeza, akaanza kuurudisha utumbo pole pole kule ulikotokea, kipande kwa kipande, hadi wote ukawa juu ya vitambaa. Kisha tukaufunika kwa taulo za maji ya vuguvugu, tukasubiri uonyeshe kama uko hai. Bwana Haule alikuwa akitaja presha. Mhina alipofunua, sehemu kubwa ilikuwa imeanza kurudia wekundu wake, tena ikicheza kidogo, ikisukuma. Kipande kimoja cha shubiri mbili kilibaki cheusi. Akakikata, akaunganisha ncha mbili, akanipa sindano nishone ule mlango usimeze kitu tena. Nilishona. Macho yangu yalikuwa yakienda kwenye kile kipande ndani ya beseni, kwani hicho kilikuwa changu. Mwezi wa pili kingekuwa bado kizima.

Kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya madaktari wote, Mhina akasimama akasema kwamba ngiri ile imegunduliwa na huyu binti, kwa kusikiliza. Lwitiko akapiga makofi, wengine wakafuata. Ningeweza kusema neno moja na sikulisema, na kutoka hapo ndipo habari ilipoanza safari yake iliyoifikisha hadi kwenye maturubai ya msiba. Lakini watu wakitawanyika Mhina alinifuata kwenye korido, akatoa daftari la Mama Koleta kwenye mfuko wa koti, likiwa na vumbi la karanga. Alikuwa amelisoma. "Hili halisomwi kwenye kikao," akaniambia. "Msomee mwenye daftari."

Nilichukua siku tano kupata ujasiri. Siku ya tano tumbo lake lilikuwa limeamka, ameruhusiwa uji, na Sista Anjela alikuwa amemwinua kwenye mito. Nikaketi ukingoni mwa kitanda. "Shikamoo, mama." "Marahaba, sista. Chango limetulia." Nikafungua daftari na kumsomea kwa Kiswahili nilichokuwa nimekiandika kwa Kiingereza. Hapa, mwezi wa pili, niliandika tumbo la uzazi. Hapa minyoo. Hapa vidonda vya tumbo. Nikamwambia kwamba yote hayo hakuwa nayo, na kwamba kipande tulichomkata kimekatwa kwa sababu yangu. Yeye alisikiliza akipuliza uji.

"Na chango umeliandika wapi?" akauliza.

Nikapekua kurasa zile tatu, ingawa nilijua. "Sikuliandika, mama. Hamna mahali."

Akaweka kikombe juu ya kabati dogo la kando ya kitanda, akaikunja mikono juu ya shuka, akatazama daftari.

"Mimi nilikuona unaandika," akasema. "Yule daktari wa zahanati ya kwetu nilimwambia mara moja, hakushika kalamu, sikurudi kwake. Wewe kila nikisema, unaandika. Ndiyo maana nikawa narudi kwako. Nilisema, maneno yangu huyu anayo, siku akipata nafasi atakaa ayasome."